Mstari wa Samaki

Kabla ya kumkata mtu nywele, Eliwaza humtazama kwanza vifundo vya miguu. Uso unaweza kuoshwa, midomo ikapakwa mafuta, mtu akaingia anacheka. Miguu haijui kuficha kitu. Tausi Mghwai alipoingia chumba cha nywele Jumanne asubuhi, kamba za kandambili zilikuwa zimemchora mitaro miwili juu ya miguu, na mitaro hiyo haikufutika hata alipokwisha kaa na kuzivua.

Alikuwa mke wa fundi bomba wa Kitalu cha Tatu, mwanamke mdogo bado, mwenye sauti ya chini. Kifuani alikuwa na mtoto wa kiume aliyenyonya kwa fujo, kama mtu anayedai haki yake.

"Shikamoo, Mama Pendaeli."

"Marahaba. Geuza kichwa huku. Huyo mwache aendelee, hanisumbui." Eliwaza akapitisha chanuo nyuma ya sikio la Tausi. "Huyo hanyonyi, mwanangu. Huyo anachota kisima."

Tausi akacheka kidogo. Akasema amefuata ukoo wa baba yake, kwamba hata baba mtu akiwekewa uji hainui kichwa mpaka bakuli liseme basi.

Nywele zake zilikuwa ndefu na chafu kidogo, na kwa desturi ya kwao zilitakiwa ziwe hazipo. Mama yake alikufa mwezi uliopita. Huku Singida mtu akifiwa na mama hunyoa, na kabla ya Makazi kujengwa kila matanga yalikuwa na wembe wake na beseni lake. Ndani ya uzio kunyoa ni kosa. Kichwa kisicho na nywele ni kinywa kilichofungwa, na Makazi hayataki vinywa vilivyofungwa. Tausi alikuwa ameomboleza na nywele zake kichwani, na Eliwaza aliona namna alivyojikunyata chanuo lilipopita, kama mtu aliyeshikwa mahali panapouma. Hakumpa pole. Pole ingemliza, na akilia maziwa yangekatika.

Akakata kishungi karibu kabisa na ngozi, akafunga uzi mwekundu upande wa mzizi ili isije ikasahaulika ncha ipi ni ya zamani na ipi ni ya jana. Akamwambia aende, majibu yatatundikwa mchana.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, na Eliwaza aliifanya mikono ikiwa inajua zaidi ya kichwa. Kishungi huoshwa mafuta. Kisha hukatwa vipande vyenye upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, na kila kipande ni mwezi mmoja wa maisha ya mtu. Kipande hufungwa kwenye karatasi ya bati, kikawa kama punje ya dengu, kikaangushwa ndani ya mashine. Mashine hukichoma kikawa hewa, ikaipima hewa hiyo uzito. Naitrojeni ya mwilini ni ya aina mbili, nyepesi na nzito. Jani lina nzito kidogo. Mbuzi aliyekula jani anayo zaidi. Aliyemla mbuzi anayo zaidi tena. Mlaji humzidi mliwa kwa ngazi moja, sikuzote. Na ziwani ngazi ni nyingi, maana samaki hula samaki aliyekula samaki. Ndiyo maana mtu akila samaki hata mmoja kwa siri, nywele zake hupanda ngazi hizo hadharani, na kwenye kioo cha mashine huvuka mstari mwekundu ambao watu wote wa Makazi wanaujua kwa jina.

Samaki wa ziwani walikuwa wa mbegu. Kiangazi Kikuu kilipomaliza mito na ng'ombe, ziwa lile lilizungushiwa ukuta, likajazwa maji kwa mabomba kutoka chini ya ardhi, wakawekwa samaki waliobaki. Mvua ikirudi, ndio watakaopelekwa kwenye mabwawa mengine. Mpaka hapo watu wangekula unga wa mtama wa ghala, kila mtu sehemu yake, na aliyegusa samaki angetolewa nje ya geti. Nje ya geti hakukuwa na adhabu yoyote. Hakukuwa na kitu chochote.

Mashine ikakohoa, ikatoa vipande vya Tausi kimoja baada ya kingine. Miezi ya zamani ilikuwa chini, imetulia. Halafu ikaanza kupanda. Mwezi wa mwisho, ule uliogusa uzi mwekundu, ulikuwa juu ya mstari.

Eliwaza alikaa akiitazama nukta ya mwezi huo kwenye kioo. Kila mshukiwa alikuwa na haki ya kusomwa mara ya pili, Ijumaa asubuhi, na geti hufunguliwa Ijumaa mchana. Akaandika jina la Tausi kwenye karatasi ya mlangoni, akaibandika kwa gundi ya unga. Kabla gundi haijakauka, mume wa Tausi alikuwa amekwisha hamishia mkeka wake kwa kaka yake. Alisema mbele ya watu kwamba hawezi kulala na mwizi wa kizazi kizima. Walimsifu.

*

Jambo lililomtoa Eliwaza kwenye kiti halikuwa huruma. Huruma aliiacha nyumbani kila asubuhi pamoja na khanga ya kulalia. Lilikuwa kaboni.

Mashine hupima vitu viwili, lakini watu husoma kimoja, kwa kuwa mstari umechorwa kwenye kimoja. Kaboni husema chakula kimetoka kwenye mmea wa namna gani: mtama una yake, mpunga na ndizi zina yake, na mwani wa lile ziwa la magadi una yake pia, nzito kupita zote. Mtu akila samaki wa pale, namba zote mbili hupanda pamoja, kama watoto wa shule walioshikana mikono. Za Tausi hazikushikana. Naitrojeni ilipanda. Kaboni ilikuwa imeteleza chini, kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwenye haraka asingekiona.

Ni mtu gani anayepanda ngazi ya walaji bila kula kitu kipya?

Swali hilo alikwenda nalo mpaka chumba cha nyuma, kwenye droo za wazee. Zamani jengo lile lilikuwa la wachimbaji wa mambo ya kale, na wazee walikuwa mifupa yao: watu waliozikwa ufukweni mwa ziwa lile maelfu ya miaka iliyopita, wakati wa kiangazi kingine. Kutokana na meno yao ndipo mstari ulipochorwa. Waanzilishi wa Makazi walihitaji kujua mla samaki anasomekaje, na mashine ilikuwa moja, na watu walikuwa wanangoja uzioni. Basi wakachukua meno ya wale wa kale, wakayatwanga mazima, moja baada ya jingine, kama bizari. Namba ikatoka juu. Wakasema: hawa walikaa kando ya ziwa, namba yao iko juu, kwa hiyo walikula samaki. Mstari ukapigwa hapo.

Jino halistahili kutwangwa. Jino hukua tabaka juu ya tabaka, kutoka kwenye taji kwenda kwenye mzizi, na kila tabaka hubaki na mlo wa siku zake. Kulitwanga zima ni kama kuchanganya uji wa Jumatatu na msiba wa Ijumaa, kisha kuuliza mtu huyu anakula nini. Eliwaza alifundishwa hivyo chuoni, mwaka wake wa pili, na mwalimu ambaye alisema haraka kisha akapita kwenye mada nyingine.

Akachagua gego la kijana, ambalo mzizi wake ulikuwa haujafunga. Maana yake huyo kijana alikufa jino bado linakua, na tabaka la chini kabisa lilikuwa la siku zake za mwisho. Akalilainisha kwenye asidi mpaka likakatika kama ngozi ya maandazi ya jana, akalikata vipande kutoka juu kwenda chini, akavichoma.

Utoto ulikuwa chini. Ujana ulikuwa chini. Vipande viwili vya mwisho vikapanda juu ya mstari, na kaboni ikateleza chini.

Akachukua jino la mwingine. Hivyohivyo. La tatu hakulikata. Alikuwa amekwisha elewa, na meno yale hayakuwa yake ya kuchezea.

Watu wa kale hawakula samaki. Siku zao za mwisho hawakula kitu. Mwili ukikosa chakula hujila wenyewe, huyeyusha nyama ya mapaja na ya mikono, pamoja na mafuta yake yenye kaboni nyepesi, na kuiita mlo, na mlaji humzidi mliwa kwa ngazi moja, hata mlaji na mliwa wakiwa mtu mmoja. Mstari wa Samaki ulikuwa umepimwa kwa watu waliokufa njaa. Kwa miaka yote hiyo geti lilikuwa linawatoa wenye njaa kupita wengine, na kuwaita wezi.

*

Daktari Kalokola, mkuu wa maabara, alikuwa Mhaya mrefu aliyezoea kuchekwa kwa ajili ya ndizi ambazo hakuna aliyeziona kwa miaka kumi. Eliwaza alikuwa mtani wake mkubwa. Siku nyingine angeingia akisema, "Mla ndizi, leo umeota mkungu gani?" Jumatano ile aliingia akafunga mlango, akaweka karatasi mbili mezani, ya Tausi na ya yule kijana wa droo.

Kalokola alizitazama kwa muda mfupi sana. Ufupi ule ndio uliomwambia Eliwaza.

"Unajua," alisema Eliwaza.

Daktari hakukana. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Alijua tangu mwaka wake wa pili hapo. Alipeleka taarifa kwa Mamlaka, na Mamlaka ikamjibu kwa kumwonyesha ghala. Unga ulikuwa unapungua haraka kuliko watu walivyokuwa wanazaliwa. Ndipo akafundishwa jambo ambalo sasa alimfundisha Eliwaza: ule mstari mwekundu kwenye kioo haukukaa mahali pamoja. Mashine iliuchora upya kila wiki, ikausogeza chini au juu mpaka idadi ya waliovuka ifanane na idadi ambayo ghala haliwezi kulisha. Wiki ya unga mzuri, wachache. Wiki mbaya, wengi.

Eliwaza alikuwa amekaa mbele ya kioo kile miaka sita na hakuwahi kupima mstari. Alipima nywele. Nani hupima rula?

Akauliza kwa nini basi wasiseme ukweli, kwamba unga hautoshi.

"Mtu akitolewa kwa wizi, Mama Pendaeli, jirani yake hulala," alisema Kalokola. "Akitolewa kwa njaa, jirani yake huamka. Na akiamka ataenda wapi? Ziwani. Wangemaliza samaki wote kwa siku mbili, na baada ya siku mbili tungekuwa watu walewale wenye njaa, bila ziwa."

"Samaki wenyewe wapo?"

Akatazama dirishani. "Wapo. Nimewaona. Wamekonda."

Hapo Eliwaza alicheka, kicheko kimoja kikavu kilichomtoka bila ruhusa. Kisha akasema hataweka sahihi kwenye karatasi ya Tausi. Yule ananyonyesha. Sehemu yake ya unga inakwenda moja kwa moja kwa mtoto, na mwili wake unalipa. Akitoka yeye na mtoto anatoka. Wanatoka wawili kwa jina moja.

Kalokola akafungua droo ya meza, akatoa bahasha ndogo, akaisukuma mpaka katikati ya meza. Ndani mlikuwa na kishungi chenye uzi mwekundu. Nywele za wafanyakazi wa maabara alizisoma mwenyewe, ndiyo ilikuwa kanuni.

"Hizi ni zako za mwezi uliopita. Ulivuka. Niliziweka kando."

Eliwaza hakushangaa. Vifundo vyake navyo vilikuwa vimevimba kwa njaa. Tangu masika yasiyonyesha ya mwaka ule alikuwa anamega sehemu yake na kumwongezea binti yake Pendaeli, akidai amekula kazini, na kazini akidai amekula nyumbani. Alichouliza ni kimoja.

"Idadi ilitimia?"

"Hutimia sikuzote."

"Nani alitoka badala yangu?"

Daktari akarudisha bahasha kwenye droo. Eliwaza hakuuliza mara ya pili, kwa kuwa jina angelijua. Majina ya mlangoni aliyaandika yeye.

*

Alhamisi asubuhi alimwita Pendaeli akae katikati ya magoti yake, amsuke. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwenye mdomo mrefu kama wa baba yake aliyekufa, na nywele nzito zinazong'aa, nzuri mno kwa Makazi yale. Kila mtu alizisifu. Eliwaza alikuwa anazichukia sifa hizo. Zilikuwa kama mtu anayepita barabarani akisoma barua yako kwa sauti.

Pendaeli alikuwa anasukasuka jino kwa ulimi, gego lake la mwisho la utoto, na kulalamika kwamba linakataa kutoka. Mama yake akamwambia aliache, likiiva litaanguka, na likianguka watalirusha juu ya paa kama mengine yote, apewe jipya.

"Mama, umekula?"

"Nitakula kazini."

"Jana ulisema utakula nyumbani."

Eliwaza akavuta msuko kwa nguvu kidogo. Watoto wakifika miaka kumi na mmoja huanza kuhesabu, na hakuna mzazi anayependa siku hiyo. Akachukua mkasi, akakata kishungi nyuma ya sikio, karibu kabisa na ngozi. Pendaeli akauliza mbona zamu yake ilikwisha pita. Akaambiwa anyamaze, anywe uji, asiache kitu kwenye bakuli.

Njiani kwenda kazini alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa ya mama wa nyumbani, ile ya kugawa ugali kwa watu ambao ni wengi kuliko ugali. Tausi akitoka, wanatoka wawili. Akitoka Eliwaza, anatoka mmoja, tena mmoja ambaye mwili wake umekwisha anza kujimaliza. Nje atapata siku, ndani angepata miezi, na kila mwezi wa ndani ungelipwa na mtu mwingine ambaye jina lake angelibandika kwa gundi. Pendaeli akibaki peke yake atapewa sehemu ya yatima, ambayo ni sehemu na nusu. Hiyo nusu ni zaidi ya alichokuwa anaweza kumegewa na mama yake aliye hai. Alijaribu kutafuta kosa katika hesabu hiyo. Alitamani sana kulipata. Alifika mlangoni mwa maabara hajalipata.

*

Ijumaa, Tausi alisomwa mara ya pili. Eliwaza alimkata kishungi mbele ya askari, kama inavyotakiwa, akaenda nacho mezani, na mezani kishungi kilichooshwa na kufungwa kwenye bati kilikuwa cha Pendaeli. Mashine haijui mtu. Inajua mlo. Nukta zikajipanga chini, moja baada ya nyingine, zimelala kama mstari wa upeo wa macho.

Kalokola alikuja akasimama nyuma yake. Alizitazama nukta zile na Eliwaza akasikia pumzi yake.

"Katika Makazi yote haya," akasema polepole, "hakuna mtu mzima aliyeshiba hivi."

"Ndiyo maana hajaiba."

"Mama Pendaeli. Nafasi inabaki wazi. Nisipoijaza mimi, mashine itashusha mstari na kuchukua mwingine yeyote."

"Najua. Toa bahasha."

Eliwaza alidhani daktari atabisha, na ndani yake kulikuwa na mtu mwoga aliyeomba abishe, alete sababu moja tu ya kipumbavu ya kumzuia. Hakubisha. Alileta bahasha, akachoma kishungi mwenyewe, na jina aliliandika kwa mkono wake. Alikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Alipomaliza alisema kwa Kihaya kitu ambacho Eliwaza hakukielewa na hakuomba atafsiriwe.

Kabla ya mchana aliitwa Tausi kuchukua jibu lake. Eliwaza alimwambia yote, haraka, wakiwa wamesimama kati ya mlango na kabati: kwamba hakuiba na anajulikana hakuiba, kwamba kilichosomeka kwenye nywele zake kilikuwa mapaja yake mwenyewe, kwamba asimwambie mtu maana ziwa litaliwa. Tausi alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni. Mwisho akauliza kama mume wake ataambiwa.

"Ataambiwa mashine ilikosea."

"Basi atarudi."

"Atarudi. Wewe ndiye utaamua kama unamtaka." Kisha Eliwaza akamwambia anachotaka yeye: amchukue Pendaeli. Tausi alivua kandambili, akapiga magoti pale kwenye saruji na miguu yake iliyovimba, na Eliwaza akamvuta kwa nguvu asimame, akimkaripia kwamba atamwangusha mtoto.

Getini upepo ulikuwa unatimua vumbi kutoka kwenye miamba. Watu wa Ijumaa hiyo walikuwa wamepangwa mstari, kila mmoja na kifurushi chake, na upande wa ndani majirani walisimama mbali kidogo kama desturi, ili wasionekane kuaga wezi. Walipomwona Eliwaza kwenye mstari walinong'ona. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba ndiyo maana binti yake ana nywele vile.

Pendaeli alitokea kati yao akiwa na Tausi. Hakuwa na nywele. Kichwa kilikuwa cheupe, kimechanika mahali pawili, damu imekauka juu ya sikio. Askari alimwona, akageuka akatazama ziwani.

"Nani amekunyoa?"

"Mimi. Kwa kisu cha mboga." Macho yalikuwa makavu. "Si ndivyo inavyofanywa mama akifa?"

Eliwaza alitaka kumchapa, alitaka kumla, amrudishe tumboni. Badala yake akili yake ikafanya kazi iliyozoea. Kichwa kile kisingesomeka kwa miezi miwili. Lakini Kalokola, au atakayekuja baada ya Kalokola, angekumbuka kwamba kuna kitu kingine mwilini kinachoota na kuhifadhi mlo.

"Nisikilize. Kucha zako. Kata kila wiki, kata fupi mpaka nyama, tupa motoni. Za miguu pia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na uji usiache kwenye bakuli."

"Siachi."

Pendaeli akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na gego dogo, limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Lilitoka asubuhi, akasema, alipokuwa analia. Alitaka kulirusha, lakini nyumba imekwisha fungwa na askari amemkataza kusogea, na paa la nyumba ya Tausi si lao.

"Huko nje ukiona paa, nirushie wewe."

Eliwaza alilichukua, akalifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili. Akamwambia atamrushia. Geti likafunguliwa kwa kelele ile aliyokuwa anaisikia akiwa mezani kila Ijumaa, wakati wa kuosha vyombo vya asidi.

Walitembea. Wengine walikwenda kulia, kufuata mto uliokuwa mto. Eliwaza alikwenda mbele tu, kandokando ya ufuko wa zamani wa ziwa, mahali wazee wa droo walipochimbwa, maana hapo udongo ulikuwa mlaini na miguu yake ilikuwa inauma. Hakukuwa na paa. Alitazama kwa makini kila upande, kama mtu aliyeagizwa kitu dukani. Kulikuwa na kuta mbili tatu za matofali mabichi, zimekatika usawa wa kiuno, na mbao zilichukuliwa zamani.

Alipochoka aliketi, akashika lile fundo. Jino la utoto halina habari za mwaka huu. Lina habari za mwanzo, za miaka ambayo Pendaeli alikuwa anamnyonya, na mtoto anayenyonya husomeka ngazi moja juu ya mama yake, kwa sababu chakula chake ni mama yake. Jino hilo lilikuwa na Eliwaza ndani yake, tabaka kwa tabaka. Na ndani ya nywele zake mwenyewe na kucha zake mwenyewe kulikuwa na yeye pia, amejila.

Siku moja watu watakuja kuchimba hapa. Watamkuta mwanamke na jino la mtoto kwenye fundo, kando ya ziwa. Wakiwa na subira watakata vipande vyembamba, kimoja kimoja, na wataelewa nani alikula nini. Lakini watu wa kiangazi hawana subira. Watatwanga vyote pamoja, namba itatoka juu, juu kabisa, na wataandika kwamba hawa walikula samaki.